Nawaombea Tusionane

Ifikapo Desemba simu yangu haipumziki. Sisi watu wa afya tuna makundi mengi ya WhatsApp kuliko tulivyo na glavu, na kila kundi hupokezana salamu za sikukuu: mishumaa, maua mekundu, kipimo cha mapigo ya moyo kimezungushwa mfano wa kopa, na chini yake maneno yaleyale. Wahudumu wa afya tunawatakia Krismasi njema na mwaka mpya wenye afya tele. Tunaahidi huduma bora zaidi kwa jamii yetu. Mwenzako akituma, nawe unaituma ileile kwenye kundi jingine, wala hukuisoma. Zamani nilikuwa nazidharau salamu hizo. Nilijiona nina ulimi wangu mwenyewe, sina haja ya kuazima wa watu.

Siku hizi nazisoma moja moja hadi mwisho. Hazina madhara. Sijasikia mtu aliyepooza mkono kwa ajili ya picha ya mshumaa.

Ninafanya kazi katika zahanati ya kijiji kimoja wilayani Ngara. Mimi mwenyewe si mtu wa mbali. Nimezaliwa Nemba, Biharamulo, mtoto wa Wasubi, na Kisubi na Kihangaza ni ndugu. Mtu akinisengenya sokoni nasikia karibu yote. Nayasema haya mapema kwa sababu wapo walionitetea kwamba nilikuwa mgeni, sikujua mambo ya huku. Nilijua. Nilikua nayo.

Nimepanga vyumba viwili katika boma la mama mmoja mjane, mtu mzima wa kuamkiwa shikamoo hata na mwenyekiti wa kijiji. Hapa kila anayevaa koti jeupe huitwa muganga, awe tabibu kama mimi, awe muuguzi au mpima damu. Yeye peke yake huniita mwanangu. Kiswahili chake amekipata sokoni ukubwani, na herufi l haijawahi kumkaa ulimini, asubuhi hunikuta natoka na ndoo ananiuliza, "Umerara?" nami namjibu nimelala, mama, shikamoo. Nilipohamia ndiye aliyenionyesha kisima chenye maji mazuri na duka lisilopunguza mizani.

Mama huyu ana presha. Niliigundua mimi, siku nilipomkalisha kwa utani kwenye kiti cha zahanati ili nijaribu mashine mpya. Mashine ilipanda mpaka nikadhani mbovu. Tangu hapo akawa anameza vidonge kila asubuhi, na mwanzoni mwa mwezi anajifunga kitenge kizuri, anakuja zahanati kupimwa na kuchukua vingine. Nilimwambia wazi, tena kwa ukali, maana ukali ninao: "Mama, siku utakayoacha hivi vidonge, mwili utaanguka upande mmoja." Alinisikiliza vizuri. Ni mtu wa kushika anachoambiwa, na hilo ndilo lililotuponza.

Maana kulikuwa na jambo la pili nililomwambia. Miezi yangu ya kwanza pale, watu walikuwa wananifuata nyumbani. Ugali uko mezani, mtu anabisha hodi na mtoto mwenye homa. Nafua, mtu anafungua bandeji nimwangalie kidonda. Siku moja mzee alinivulia shati huku natafuna. Nikapandisha hasira. Kwenye mkutano wa kijiji niliomba nafasi, nikasimama, nikasema: "Nikiwa zahanati mimi ni muganga wenu. Nikiwa nyumbani mimi ni mpangaji kama wapangaji wengine. Ugonjwa usinifuate nyumbani, labda mtu awe anakata roho." Watu walicheka, wakakubali.

Mwenye nyumba wangu aliichukua kauli ile kama sheria ya serikali. Akawa bawabu wangu. Mtu akisogelea uzio na uso wa mgonjwa, alimzuia kwa mkono: "Muganga anakura. Kesho umpereke mtoto zahanati." Na yeye mwenyewe, tangu siku ile, hakuwahi kutamka neno juu ya kichwa chake au mgongo wake tukiwa ndani ya boma. Maneno yake ya ugonjwa aliyahifadhi mpaka siku ya kwenda zahanati, akayatoa yote pale kwa mpangilio. Nilimpenda kwa hilo. Niliwatambia wenzangu kwamba nimepata mwenye nyumba mwenye adabu.

Sasa ikaja Krismasi.

Kanisani kwetu, matangazo yakiisha, wageni na watumishi wa serikali husimamishwa watoe salamu. Katekista husimama pembeni akitafsiri kwa Kihangaza kwa ajili ya wazee. Siku ile mwalimu mkuu alisalimia kwa kueleza mitihani. Bwana shamba alisalimia kwa kueleza mbolea. Watu walipiga makofi ya kuchoka, watoto walikuwa wameanza kulia njaa, na mimi nilikuwa nimekaa nikingoja zamu yangu, nimeshajua nitakalosema, tena nimeshaanza kutabasamu.

Nikasimama. "Ndugu zangu," nikasema, "leo kila mtu anawatakia heri na kuwaombea muonane tena. Mimi nawapenda kuliko wote, na kwa sababu nawapenda, nawaombea mwaka mzima tusionane! Msije kwangu! Nikae pale zahanati nipige miayo, nisuke mkeka!"

Kanisa zima liliangua kicheko. Akina mama wakapiga vigelegele. Utani huo si wangu, ni wa watu wa kazi yetu tangu zamani, na nadhani hata askari magereza wanao. Lakini pale ulikuwa mpya, na mimi nikawa shujaa wa Krismasi.

Katekista hakucheka. Alisubiri kelele zipungue, akatafsiri. Nilisikia alichofanya. Aliacha mkeka, akaacha miayo, akabakiza maombi. Kwa sauti ileile ya kusomea Injili alisema kwamba muganga wetu amesimama mbele ya altare siku ya kuzaliwa Bwana, na amewaombea watu wa kijiji hiki kwamba mwaka huu mzima wasifike mlangoni kwake wakilia. Wazee wakaitika Amina. Haikuwa amina ya kicheko. Ilikuwa nzito, ya watu waliopewa kitu wakakipokea kwa mikono miwili. Mwenye nyumba wangu alikuwa benchi la mbele na kitenge chake kipya, naye aliinamisha kichwa kabisa. Niliisikia tofauti ya amina ile na kicheko cha kwanza. Nikadhani ni heshima yangu imepanda, nikaifurahia.

Tuliporudi nyumbani alinipakulia mimi kwanza, ndizi zilizopikwa na maharage na nyama ya mbuzi juu, mbele ya wajukuu wake. Alisema muganga aliyewabariki watu hawezi kula wa pili. Jioni nilipita dukani, mwenye duka, ambaye ni Mwislamu, akanilaumu akicheka: "Sisi tusiokuja kanisani, muganga, ndiyo tuendelee kuugua?" Nikamwombea na yeye palepale kaunta, na waliokuwepo wakasema Amina. Mwaka Mpya nikaalikwa kanisa la jirani, la Waanglikana, kwa sababu walikuwa wamesikia. Nikairudia yote, na mkeka wangu.

Januari zahanati ikatulia. Mabenchi ya nje, ambayo kwa kawaida hujaa kabla sijafungua mlango, yakawa yanakaliwa na kuku. Walikuja watoto wa chanjo, maana hao si wagonjwa. Alikuja mtu aliyejikata panga, damu ikimtiririka, akaingia ameinamisha uso kama aliyefumaniwa. Nilimshona nikimtania. Ulikuwa msimu wa kung'oa maharage, nikajiambia watu wako shambani. Ila moyoni nilijiambia jingine: kwamba maombi yangu yamesikika. Niliandika kwenye kundi la wenzangu, "Kwangu shwari kabisa, niliwaombea wakapona," nikaweka na vicheko. Wenzangu wakanirudishia vicheko.

Na kila asubuhi nilionana na mwenye nyumba wangu uani. Shikamoo, mama. Marahaba, mwanangu, umerara? Nimelala, wewe je? "Mimi ni mzima kabisa." Hivyo ndivyo mtu mwenye adabu hujibu huku, hata kama anakufa. Alikuwa ameanza kujifunga kitambaa kichwani, amekikaza sana kwenye paji la uso. Tabibu yeyote wa mwaka wa kwanza angeuliza kwa nini mtu anakaza kichwa namna ile. Mimi nilisema, "Mama, leo kilemba kimekupendeza, unataka kuolewa?" Akacheka, akashika ukuta kidogo, akaendelea kufagia. Jicho la kazi nilikuwa naliacha zahanati pamoja na koti jeupe. Mwezi ulikuwa umeshaanza kitambo na hakuwa amekuja kuchukua vidonge vyake. Hilo nililiona. Nikajiambia atakuja akimaliza maharage yake, na nyumbani sikumuuliza, maana nyumbani mimi ni mpangaji.

Aliyenifumbua macho ni mwenzangu anayefanya kazi zahanati ya upande wa Kasulo. Alinipigia simu asubuhi moja nimekaa mlangoni naota jua.

"Dada, umewafanya nini watu wako?"

"Watu gani?"

"Watu wako wamejaa huku kwangu. Wengine wanakuja kwa baiskeli, wengine wanatembea. Wanapita nyuma ya zahanati yako, kwenye migomba, usiwaone. Nimewauliza kama umewatukana. Wanasema hapana, umewabariki. Hawataki kukuvunjia baraka."

Kwanza nilikasirika. Nilihisi wamenidhalilisha, na mdomo ukafunguka kumwambia watu hawa ni wajinga. Kabla sijatamka nikamkumbuka bibi yangu, kule Nemba. Bibi alikuwa akikubariki unapoondoka, labda unakwenda mtihani, labda unakwenda kuolewa, basi hata ukijikwaa mbele ya mlango wake hukulia. Ulijikung'uta kimya, ukatabasamu, ukafika mbali ndipo ukalia. Kumlilia mtu mlangoni alipokwisha kukubariki ni kumwambia maneno yako hayana kitu. Ni kumvua nguo mtu mzima. Hakuna aliyenifundisha jambo hilo darasani. Nilikuwa nalo kabla sijajua kusoma. Mama yangu aliwahi kuficha maumivu ya jino wiki nzima kwa sababu bibi alikuwa amemwombea afya kwenye harusi ya mdogo wake. Nilikuwa mtoto, nilimchukulia maji ya chumvi nyuma ya jiko tukijificha.

Na bado nilisimama mbele ya watu wanaoamini hivyohivyo, siku kubwa kuliko zote, nikawaambia msije kwangu. Wahenga walisema heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi, na mimi nilikuwa nimejikwaa mara tatu, kanisani, dukani na kwa Waanglikana, na kila mara nikashangiliwa.

Mwenzangu alikuwa bado anaongea kwenye simu nilipomfikiria mwenye nyumba wangu. Kasulo hawezi kufika kwa miguu. Zahanati nimemfungia. Nyumbani nimemfungia. Nikachukua mashine ya presha na vidonge, nikamwachia muuguzi mlango, nikatoka. Sikukimbia, maana mtu mwenye koti jeupe akikimbia kijiji kizima kinatoka nje, na hata saa ile, naona aibu kuliandika, nilikuwa bado nafikiria watu watanionaje.

Alikuwa amekaa kwenye mkeka uani, amezungukwa na maganda ya maharage. Ungo ulikuwa umeanguka mbele yake na punje zimetawanyika. Mdomo wake ulikuwa umevutwa upande mmoja. Aliponiona alichukua mkono wa kulia kwa mkono wa kushoto, kama mtu anayehamisha kitu kisicho chake, akauficha chini ya kanga.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba." Ilitoka nusu. Kisha akajitahidi tena, mate yakimtoka pembeni: "Mimi... ni mzima."

Nilipiga magoti kwenye maharage yale. Nikamfunga mashine. Sitaandika ilionyesha nini. Nilimuuliza ameamkaje, imemwanza lini, kichwa kimemuuma tangu lini, maswali yote ambayo ningemuuliza siku ya kitambaa. Alinitazama kwa wasiwasi, akitazama na uzio, kisha nikaelewa kwamba anaona haya: tuko nyumbani, na mimi namuuliza mambo ya ugonjwa, na yeye ndiye aliyenifanya nivunje sheria yangu. Kulikuwa na vidonge vichache sana ndani, vimefungwa kwenye pindo la kitambaa. Mjukuu wake aliniambia bibi alikuwa anakata kimoja vipande, ameze kidogo kidogo, vimfikishe mbali ndani ya mwaka.

Gari la wagonjwa lilikuja. Tulimbeba, nikapanda naye nyuma, kichwa chake mapajani mwangu. Njia ya kwenda hospitali inapita mbele ya zahanati yangu, hakuna nyingine ya gari. Tulipokaribia alianza kuhangaika. Alikuwa akinishika koti kwa mkono mzima, akitaka kusema. Niliinamisha sikio.

"Tusipite kwako," alisema.

Nilimwambia, mama, njia ni hii moja. Basi akashika pindo la kanga, akajifunika uso wote. Tukapita hivyo. Kwenye benchi la zahanati walikuwepo kuku, na muuguzi wangu amesimama mlangoni akitutazama. Hakujifunua mpaka tulipovuka mteremko.

Hakufa. Alikaa hospitali, akarudi na fimbo, mdomo umerudi karibu mahali pake, mkono wa kulia haukurudi. Ule mkono ndio uliokuwa unapeta, unakata ndizi, unazuia watu uzioni. Sasa umelala mapajani.

Ningependa kusema kijiji kilinilaumu. Nilikingoja kilaumu. Badala yake watu walikuja kunipa pole mimi. Walisema mwaka umenianzia vibaya, mtu wa nyumbani kwangu kaugua. Mwanawe anayeishi Biharamulo alikuja kumwangalia mama yake, naye akanijia na jogoo mwekundu, ameshika kwa mikono miwili. "Muganga, bila wewe mama angekuwa kaburini."

Nilimwambia ukweli. Nilimwambia: "Kaka, mimi ndiye niliyemzuia kuja. Nilisema kanisani msije kwangu. Na nyumbani nilikuwa nimewakataza." Nilisema yote nikiwa nimesimama.

Akanipungia mkono kama anafukuza nzi. "Hapana, hapana. Wewe ulituombea mema. Ugonjwa ni wa Mungu." Akaniwekea jogoo miguuni.

Kukataa ingekuwa kumtukana. Nikampokea, na nikashindwa kumchinja. Akawa anaishi uani, anakua, anawika kila alfajiri chini ya dirisha langu, na kila akiwika namkumbuka yule mwana na namna alivyonishukuru. Nilijaribu kumweleza mwenyekiti, akanijibu vilevile. Paroko nilimwambia kwenye kitubio, akanipa sala za kusali na kuniambia nisijitese. Nilichotaka ni mtu mmoja tu aniambie: ndiyo, umekosea. Hakuna aliyekuwa tayari kunivunjia heshima kiasi hicho, na nikaona kwamba ni heshima hiyohiyo iliyomlaza yule mama.

Nikaamua kuifuta ile salamu. Jumapili moja niliomba nafasi baada ya matangazo, nikasimama palepale nilipochekesha watu. Nikasema: "Ndugu zangu, yale niliyowaombea Krismasi nayafuta. Nayarudisha. Msiyashike tena."

Hakuna aliyecheka. Wazee wasiojua Kiswahili walimgeukia katekista kungoja. Katekista alinitazama mimi. Akasema polepole, kwa Kiswahili, kana kwamba tuko wawili tu: "Muganga, hilo kwa Kihangaza ni laana. Baraka hairudishwi. Siwezi kulitamka hapa."

Minong'ono ilianza nyuma. Mama mmoja alimvuta mtoto wake karibu. Mwishowe katekista akawageukia watu, akasema kwa Kihangaza kwamba muganga anasema baraka zake ziko palepale, na anauliza kwa nini watu wake wanampita bila kumsalimia. Mlango wake uko wazi, aliye mzima aje kumwamkia, na aliye mgonjwa aje kumwamkia pia. Watu wakashusha pumzi. Nilikaa chini nimelowa jasho. Sikuwa nimesema hayo, lakini nilishukuru kwamba yamesemwa na mtu.

Wakaanza kurudi, mmoja mmoja, wakiingia na kusema wamekuja kunisalimu tu. Nikishaitikia salamu nauliza, na kichwa je? Ndipo kinatoka kilichowaleta. Na ile sheria ya nyumbani niliifuta mwenyewe, hiyo haikuhitaji Kihangaza; nilimwambia mwenye nyumba wangu anayebisha hodi aingie. Bado huwasimamisha kwanza uzioni kuwauliza kama ni kweli wanaumwa.

Krismasi iliyofuata nilitamani nisiende kanisani. Nilikwenda kwa sababu yeye alitaka kwenda, na mtu wa kumshika mkono njiani ni mimi. Simu ilikuwa imejaa mishumaa na ahadi za huduma bora kwa jamii. Mwalimu mkuu akasalimia, bwana shamba akasalimia, kisha nikaitwa, na watu wakakaa sawa kwenye mabenchi, wamechangamka, wanangoja wachekeshwe.

Nilisema Krismasi njema. Nilisema kesho zahanati itakuwa wazi, na keshokutwa. Nikataka kukaa.

"Utuombee basi, muganga!" kijana mmoja akapaza sauti kutoka nyuma, na watu wakacheka kwa kunitia moyo.

Nikaangalia benchi la mbele. "Namwomba Mungu," nikasema, "mtu akiumwa mwaka huu, aje mapema. Nimwone mapema. Ndilo ninaloomba."

Katekista alitafsiri neno kwa neno, bila kupunguza wala kuongeza. Amina iliyorudi ilikuwa nyembamba, ya watu wasiojua kama wamebarikiwa au wametabiriwa ugonjwa. Ikaisha, na baada ya kuisha ikaja nyingine moja, imechelewa, imepinda kidogo. Ilikuwa ya mwenye nyumba wangu.

Siku ya kwanza ya kazi, Januari, nilifika kufungua zahanati nikamkuta ameshakaa kwenye benchi. Hakuwa amepitia migombani. Alikuwa amekuja na fimbo yake kwa njia kubwa, ile inayopita mbele ya duka, mbele ya kanisa, watu wote wamwone, na alikuwa amevaa kitenge cha Krismasi. Vidonge vyake vilikuwa bado havijaisha. Mimi ndiye niliyempa, nilijua. Nyuma yake, mbali kidogo, walikuwa wamesimama wanawake wawili na mtoto mwenye homa, wakimwangalia yeye kwanza ataingiaje.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu." Akajiinua kwa fimbo, akasogea karibu nami, akashusha sauti wale wengine wasisikie. "Unisamehe. Mwaka ndiyo kwanza umeanza, na mimi nimeshakuja."

Nikamwambia karibu. Nilimkalisha kwenye kiti, akanipa mkono wa kushoto, na nikaanza kuufunga mashine.